Shati la Pete Elfu Kumi

Haya wanangu, sogeeni hapa karibu. Mjomba ana pete moja mkononi. Si pete ya kidole. Ni waya tu, imekunjwa ikawa duara, ndogo kuliko sarafu ya shilingi moja. Ukiidondosha kwenye vumbi la Embulbul, hapa Ngong, huioni tena.

Lakini pete hii inasema. Tega sikio.

“Peke yangu mimi si kitu. Nipe ndugu wanne. Kisha nifunge vizuri, nami nitashika.”

Umeisikia? Nifunge vizuri, nami nitashika. Yaweke maneno hayo, maana kazi yote imo humo.

Pete kama hii zikisukwa pamoja, maelfu kwa maelfu, zinakuwa shati. Shati la chuma! Jina lake deraya. Linakunjika, linainama nawe, unainua mkono nalo linafuata.

“Mjomba, nani alivaa shati la chuma?”

Ahaa, hilo ndilo swali la mtoto mwenye akili. Waselti wa Ulaya walilivaa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Warumi wakaliona, wakalipenda, wakawavisha askari wao. Lilijulikana Uajemi, likajulikana India, likajulikana hata Sudan. Katika vita vya Omdurman, karibu na Khartoum, mwaka 1898, walikuwepo wapanda farasi waliokuwa bado wamevaa deraya. Mwaka huo, hapa kwetu, reli ya kutoka Mombasa ilikuwa tayari inajengwa. Kwa hiyo si hadithi ya kale sana.

“Na morani wetu, walivaa?”

Hapana. Morani wa Kimaasai alibeba ngao ya ngozi ya nyati. Mtu wa kukimbia siku nzima juani, kilo nyingi za chuma mabegani angezipeleka wapi? Mimi naona walichagua vyema kabisa.

Lakini msidhani waya ni jambo geni katika vilima hivi. Mwaka 1883 alipita hapa Mskoti mmoja, Joseph Thomson, pamoja na msafara wake kutoka pwani. Siku hizo misafara ilitua hapa Ngong, mahali walipopaita Ngongo Bagas, ili kununua chakula kwa Wakikuyu kabla ya kuendelea na safari. Na wapagazi walibeba nini? Shanga, nguo, na waya. Mizigo na mizigo ya waya, kutoka baharini mpaka hapa, kwa miguu! Wanawake wa Kimaasai waliipenda. Waliizungusha mikononi na miguuni, mzunguko juu ya mzunguko.

Nao wahunzi wa Kikuyu walijua kuivuta waya ikawa nyembamba, na kutengeneza mikufu myororo ya chuma. Mume na mke, W. Scoresby Routledge na Katherine Routledge, waliandika habari za wahunzi hao katika kitabu chao cha mwaka 1910. Basi kuunganisha pete kwa pete, mikono ya nchi hii iliijua kazi hiyo kabla babu yangu hajazaliwa.

Sasa tuanze. Unataka kuanza? Safi sana.

Nenda na mtu mzima kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na hapa Embulbul maduka hayo hayakosekani. Usichukue waya ya kufungia nondo. Ni laini mno, pete zake hufunguka zenyewe. Omba waya ya ua, ile ya kung'aa iliyopakwa zinki, geji 16. Unene wake ni milimita 1.6 hivi. Halafu tafuta fimbo ya chuma ya mviringo, iliyo laini, ya milimita 8. Nondo yenye mistari haifai, maana waya itang'ang'ania na hutaweza kuitoa. Mwisho, makoleo mawili ya kushikia na moja la kukatia.

Zungusha waya kwenye fimbo, kaza, mzunguko ugusane na mzunguko. Itoe. Unaona? Umepata springi ndefu. Sasa ikate kwa upande mmoja, mzunguko baada ya mzunguko, na kila mkato unadondosha pete moja. Kukata aanze mtu mzima, na wote walio karibu wavae miwani ya kazi, kwa sababu vipande vya waya huruka na jicho halina akiba. Na waya hii usiitie motoni kamwe. Moshi wa zinki ni sumu.

“Mjomba, shati zima linataka waya kiasi gani?”

Wee! Hesabu hiyo tuifanye pamoja. Pete moja inakula kama sentimita 3 za waya. Mita moja inatoa pete 33. Shati linataka pete zaidi ya 10,000, na mtu mkubwa hata 15,000. Pete 10,000 ni mita 300 za waya, na uzito wake unakaribia kilo 5. Kilo 5 hizo ni za shati dogo tu, lisilo na mikono mirefu!

Usiogope. Shati halisukwi mara moja. Husukwa pete moja, kisha pete moja, kisha pete moja.

Chukua pete nne, uzifunge. Chukua ya tano, ifungue kidogo, ipitishe ndani ya zote nne, kisha uifunge. Zilaze mezani. Mbili huku, mbili kule, na moja katikati imezishika. Huo ndio ufumaji wenyewe. Tengeneza vifurushi vingi vya namna hiyo, halafu uviunganishe kwa pete nyingine, mpaka kila pete iliyo katikati ya kitambaa ishike ndugu wanne. Wawili juu, wawili chini. Safu moja inalalia kulia, inayofuata inalalia kushoto. Ukiona pete imelala tofauti na wenzake wa safu yake, simama hapo hapo. Umepotea njia, rudi uirekebishe kabla hujaongeza nyingine.

Na sasa lile jambo kubwa. Kufungua pete, usiivute pande mbili, ikapanuka. Shika ncha moja kwa koleo hili, nyingine kwa koleo lile. Ncha moja ije kwako, nyingine iende mbele. Kufunga ni kinyume chake: irudishe, ipitilize kidogo, irudishe tena mpaka ncha zigongane na usisikie mwanya ukipitisha ukucha. Wengi wanaoanza huacha mwanya mdogo. Wanasema hautaonekana. Pete inaujua! Siku shati likining'inia na uzito wake wote, mwanya huo hufunguka, pete inadondoka, na jirani zake wanabaki wazi. Mafundi wengi wa zamani waliokuwa wakivisha askari hawakuridhika hata na kufunga hivyo. Walizibapa ncha, wakazipandanisha, wakazitoboa na kupigilia msumari mdogo kwenye kila pete waliyoifunga.

Pete moja, msumari mmoja. Nifunge vizuri, nami nitashika.

“Lakini mjomba, kuna matundu! Kisu hakipiti?”

Umeona kama fundi. Mmeshawahi kushika turubai la maharagwe pale uani, kila mtu kwenye upindo wake? Mtu akirusha gunia katikati, mzigo hauangukii mkono mmoja, kila mkono unavutwa kidogo. Ndivyo zinavyofanya pete. Kisu kikikata juu ya deraya, pete moja inawavuta wanne, na hao wanne wanawavuta wengine. Kukata kunashindwa. Lakini rungu, je? Rungu linaumiza vilevile, kwa sababu deraya ni laini, inabonyea hadi kwenye ubavu. Ndiyo maana askari walivaa nguo nene iliyojazwa pamba au sufu chini yake. Na mshale wenye ncha nyembamba ungeweza kupenya. Kwa hiyo shati lako ni la kuvaa na kuonyesha wenzako. Mtu asilijaribu kwa kisu, hata kwa mchezo.

Kazi hii haijafa. Wakata nyama katika machinjio mengi duniani huvaa glavu za pete za chuma kwenye mkono unaoshika nyama. Na wapo wapiga mbizi wanaovaa suti nzima ya pete hizo wakiwa karibu na papa.

Vipande vikishakuwa vikubwa, shati ni rahisi kulielewa. Kipande cha mbele, kipande cha nyuma, kanda mbili za mabega, tundu la kichwa. Jaribu kila kipande kwa kukivuta. Upande mmoja kinanyooka, ukikigeuza hakinyooki sana. Upande unaonyooka uzunguke kifua, la sivyo hutapumua vizuri. Kwapani ongeza pete za ziada, kisha inua mkono juu kabisa uone. Na ukilivaa, funga mkanda kiunoni. Mkanda hubeba sehemu ya uzito, mabega yanashukuru.

“Likishika kutu?”

Zinki itazuia kwa muda mrefu. Watu wa zamani, chuma chao kilipokuwa kitupu, walitia deraya ndani ya pipa lenye mchanga wakalibingirisha, na pete zikasuguana zikatakata. Nanyi mkitaka, kopo lenye kifuniko na mchanga mkavu linatosha kwa kipande kidogo.

“Basi mjomba, tuanze shati leo?”

La, mpenzi wangu. Leo kikuku. Mita 4 za waya, pete mia na kitu, upana wa safu tano. Kikikamilika bila mwanya hata mmoja, nitakuonyesha bega linavyoanza.