Mofini yatuliza maumivu, lakini choo chafungwa

Jioni za Jumapili, ufuo wa Mama Ngina pale Lighthouse, mtaani Kizingo, hujaa watu wa kila tabaka. Kuna mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, kuna madafu, kuna watoto wanaokimbizana huku meli zikiingia bandarini Kilindini. Lakini si ajabu ng'ambo ya barabara, katika mojawapo ya nyumba zile, kuna mgonjwa asiyetaka hata kusikia harufu ya mhogo. Ana saratani. Amepewa mofini na maumivu yametulia. Tatizo ni kwamba leo ni siku ya tano hajaenda haja kubwa, na hajamwambia mtu.

Msomaji mpenzi, huenda unaona haya kusoma habari za choo siku ya Jumapili, pengine na chai iko mezani. Tuvumiliane. Haya hiyo hiyo ndiyo inayowaumiza wagonjwa wengi kuliko unavyodhani, kwani wapo wanaoacha mofini kimyakimya kwa sababu ya tumbo, wakarudi kulia usiku kwa maumivu yaliyokuwa yamekwisha kutulizwa.

Je, kwa nini mofini hufunga choo? Dawa hii hutuliza maumivu kwa kujishikiza kwenye vipokezi vilivyo katika ubongo na uti wa mgongo. Vipokezi vya aina hiyo hiyo vimejaa pia katika kuta za utumbo. Mofini ikifika huko, ule mwendo wa utumbo wa kusukuma chakula hulegea. Chakula hukaa njiani muda mrefu, utumbo unafyonza maji yake, na mwishowe kinachobaki ni kigumu kama jiwe. Isitoshe, misuli ya kufungia njia ya haja hukaza.

Jambo hili si geni. Karne nyingi zilizopita afyuni, ambayo ndiyo mama wa mofini, ilitumiwa kuzuia kuhara. Hata loperamaidi, kidonge cha kuzuia kuhara kinachouzwa katika maduka ya dawa, ni cha ukoo huo huo, ila kwa kipimo cha kawaida hakifanyi kazi ubongoni. Kodini, tramadoli na dihaidrokodini nazo ni ndugu zake. Kwa hivyo hata wewe unayemeza tramadoli kila siku kwa ajili ya mgongo, habari hii inakuhusu.

La kustaajabisha ni kwamba mwili huzoea karibu kila kero ya mofini. Usingizi na kichefuchefu vya siku za kwanza kwa kawaida hupungua. Utumbo hauzoei. Mgonjwa akitumia mofini mwaka mzima, choo kitamsumbua mwaka mzima asipopewa dawa yake. Ndiyo maana kanuni ya wauguzi wa wagonjwa mahututi ni moja: siku mofini inapoanza, dawa ya choo nayo ianze, isingojewe siku ya tano. Ukitoka hospitali na chupa ya mofini peke yake, kwa maoni yangu umetoka na nusu ya dawa. Rudi dirishani ukaulize.

Dawa zenyewe si za ajabu wala si za bei ya kutisha. Bisakodili na sena huamsha utumbo usukume. Hunywewa usiku, kwani huchukua kiasi cha saa 6 hadi 12, ili mgonjwa aende haja asubuhi. Laktulosi, ile dawa tamu ya maji, huvuta maji na kulainisha choo, lakini huchukua siku moja au mbili na huleta gesi. Mara nyingi daktari huchanganya ya kusukuma na ya kulainisha, na kipimo cha mofini kikipanda, cha dawa ya choo nacho hutazamwa upya. Zipo dawa mpya, kama naloksegoli, zinazozuia kazi ya mofini utumbo ukiwa ndio shabaha bila kugusa utulizaji wa maumivu, lakini hizo ni ghali na huwekewa wale walioshindwa na za kawaida.

Wazee wa Pwani watacheka wakisikia sena, kwani ndiyo sanamaki waliyoijua tangu utotoni. Ni kweli, mmea ni huo. Tofauti ni kwamba kidonge kina kipimo, na majani ya kuchemsha hayana. Usimpe mgonjwa sanamaki juu ya bisakodili bila kumwambia muuguzi. Mafuta ya mbarika yaacheni kabisa, kwani hukata tumbo vikali mno kwa mtu dhaifu. Papai ni jambo jingine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2004 kuhusu kuwatunza wagonjwa kama hawa ulitaja mbegu za papai zilizokaushwa, za kutafunwa usiku, na kijiko cha mafuta ya kupikia kabla ya kifunguakinywa.

Kuna mtego mmoja katika chakula. Sote tumefundishwa kwamba aliyefunga choo ale makapi kwa wingi. Kwa mtu mzima wa afya ni sawa. Lakini mgonjwa wa mofini anayekunywa vikombe viwili tu vya maji kutwa, ukimpa isabgoli, yale maganda ya mbegu yanayopendwa katika nyumba nyingi za Kihindi, yanaweza kuvimba na kuziba njia kabisa. Maji kwanza: uji mwepesi, dafu, maji ya ukwaju, kidogo kidogo. Mwezi wa Ramadhani kuna watu wazima wanaokataa katakata kufungua, ingawa dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Hapo labda imamu atasikizwa kuliko daktari.

Sasa turudi kwenye haya. Bibi wa miaka sabini hawezi kumwambia mkaza mwana wake kwamba hajaenda choo. Wala babu hataki kusaidiwa na mjukuu. Basi tafuta mtu mmoja, dada yake au binti yake wa kwanza, awe ndiye wa kuuliza, na aulize kila siku bila kunong'ona. Mlango ufungwe, mgonjwa asiharakishwe. Kama anakalia choo cha kizungu, muwekee kibao chini ya miguu ili magoti yapande, kwani mwili husukuma vizuri zaidi hivyo. Dakika chache baada ya kifunguakinywa ndio wakati mzuri.

Siku ya tatu ikipita bila haja, mwambie muuguzi. Huenda akatumia dawa ya kuingizwa nyuma au akampiga bomba. Usijaribu bomba nyumbani, hasa kwa mgonjwa aliye katika tiba ya kemikali ya saratani. Na jihadhari na hili linalowapotosha wengi: mgonjwa amekaa juma zima bila choo, kisha ghafla anatoa majimaji. Familia husema anahara, wakamnunulia dawa ya kuzuia. Kumbe choo kigumu kimeziba, na majimaji yanapita pembeni. Tumbo likivimba, akitapika, akishindwa hata kutoa upepo, acha dawa zote za kuharisha na umpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Vijana wanaoacha unga kwa tiba ya methadoni, iliyoanza Kenya Desemba 2014 na kufika Pwani baadaye, nao hupatwa na tatizo hili. Wengi hawalitaji kliniki wakidhani litadharauliwa. Litajeni.

Kwa aliye Kizingo, mwendo mfupi wa tuktuk utakufikisha Hospitali Kuu ya Pwani, ambako kuna Coast Hospice, watu ambao kazi yao ni maumivu na yanayoambatana nayo. Nunua daftari dogo. Upande mmoja andika saa za mofini, upande wa pili siku za haja na ilivyokuwa, ngumu au laini. Ulibebe kila mnapokwenda.