MASIKIO YANAYOLIA YANA ASILIMIA NGAPI?

Ndugu msomaji, kila utajapo Kariakoo unataja jeshi. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916 waliweka hapo kambi ya wapagazi wao wa vita, na jina la kikosi hicho, Carrier Corps, likalainika vinywani mwa wenyeji. Wapagazi hao walibeba risasi na vyakula vya majeshi kwa vichwa na mabega, na waliokufa kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Mwezi Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliofia upande wa Waingereza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa.

Hao ni waliokufa. Je, aliyerudi kwao na kifua kibovu? Ikiwa hata jina la maiti halikuandikwa, nani angeandika kikohozi cha aliye hai?

Siku hizi ulemavu wa askari hupimwa kwa asilimia. Marekani kipimo huanzia 0 hadi 100, kwa makumi, na kila kumi lina fedha zake. Mwaka 2024 asilimia 10 ilimpatia askari wa zamani dola 171 kwa mwezi. Dai lililo kubwa kwa idadi huko si mguu uliokatika bali mlio wa masikioni, ule uvumi usiokoma unaoachwa na mizinga, nao ulihesabiwa asilimia 10.

Februari 2022 serikali ya nchi hiyo ilipendekeza kubadili vipimo. Mlio wa masikioni usihesabiwe peke yake, bali uwe dalili tu ya ugonjwa mwingine, kama uziwi. Anayekatika pumzi usingizini, ambaye alipewa asilimia 50 kwa kuhitaji mashine ya kupumulia, apewe 0 iwapo mashine inamtuliza. Kwa haki yao, walipendekeza pia wagonjwa wa akili waongezewe: kiwango cha chini kiwe 10, na mtu aweze kufikia 100 hata kama bado anamudu kazi. Waliokwisha kupewa viwango vyao wasingepunguziwa kwa sababu ya mabadiliko hayo.

Hilo la mashine ndilo linalonitatiza. Aliyepewa gongo hakurudishiwa mguu. Na umeme ukikatika usiku, mtu huyo atapumua kwa asilimia ngapi?

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba hayo ni ya Wamarekani na wanajeshi peke yao. Hapa Tanzania Bara Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 nayo hupima ulemavu wa kudumu kwa asilimia. Ukizidi 30, mfanyakazi hulipwa pensheni kila mwezi. Ukiwa 30 au pungufu, hupewa mkupuo mmoja, basi. Kwa hiyo tarakimu moja ya daktari yaweza kuamua kama nyumba itakuwa na kodi na ada mwaka hadi mwaka, au fedha za mara moja ambazo huisha kabla ya watoto kukua. Tena michango ya mfuko huo hutolewa na mwajiri. Mchukuzi wa Kariakoo anayesukuma mkokoteni kwa ujira wa papo kwa papo hana mwajiri wa kumchangia, na mgongo wake hauna asilimia yoyote.

Kwa wale wenye ajira, ugumu uko kwenye maradhi yasiyo na kovu. Kidole kilichokatwa na mashine hakihitaji shahidi. Lakini masikio ya fundi wa kiwandani, au usingizi wa dereva aliyenusurika katika ajali, huharibika taratibu, na aghalabu mke ndiye wa kwanza kugundua: redio imepandishwa sauti, baba anashtuka usiku. Siku hiyo hiyo mwende zahanati, mtaje kazi anayoifanya, na mhakikishe imeandikwa katika cheti pamoja na tarehe. Cheti hicho kisikae mfukoni mwa suruali. Kiwekwe pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.