KICHOMI KWA WATOTO WADOGO: CHANZO CHAKE NA MAMBO YANAYOONGEZA HATARI

Taarifa kwa watumishi wa Serikali na wakazi wa visiwa na mwambao wa Kilwa na Lindi

Wakazi wa Songo Songo, Kilwa Kisiwani na vijiji vyote vya mwambao, kuanzia Somanga hadi Mchinga na Lindi mjini, wanakumbushwa juu ya ugonjwa wa kichomi, ambao pia hujulikana kwa jina la nimonia au homa ya mapafu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 ugonjwa huu uliua watoto zaidi ya 740,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano duniani kote, sawa na asilimia 14 ya vifo vyote vya watoto wa umri huo. Wengi wa watoto hao wangeweza kuokolewa kwa dawa ya bei nafuu kama wangefikishwa penye tiba mapema. Madhumuni ya taarifa hii ni kueleza ugonjwa huu hutokana na nini, ni watoto gani walio katika hatari kubwa zaidi, na kwa nini mzazi aishiye kisiwani hana budi kuamua mapema kuliko mwenzake wa bara.

1. Chanzo cha ugonjwa

Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo sana vya hewa. Mtu mwenye afya avutapo pumzi, vifuko hivyo hujaa hewa, na oksijeni hupita humo kuingia katika damu. Mtoto anapopatwa na kichomi, baadhi ya vifuko hivyo hujaa usaha na majimaji. Hewa hukosa nafasi, mwili hupungukiwa na oksijeni, na mtoto hulazimika kupumua harakaharaka ili kufidia upungufu huo.

Kichomi husababishwa na vimelea, hasa bakteria na virusi. Bakteria wanaoongoza kwa kuleta kichomi kikali ni wale waitwao nimokokasi, wakifuatiwa na wale wajulikanao kwa kifupi cha Hib. Vimelea hivi huenea kwa matone yatokayo kinywani na puani mtu anapokohoa au kupiga chafya. Baadhi yao hukaa katika pua na koo la mtoto bila kumdhuru, kisha hushuka mapafuni mwili wake unapodhoofika. Mtoto mchanga anaweza kuambukizwa wakati wa kuzaliwa au punde baadaye.

Wapo wanaoamini kuwa kichomi huletwa na upepo wa kusi na baridi ya miezi ya Juni hadi Agosti. Imani hii ina chembe ya ukweli, lakini si ukweli wote. Baridi peke yake haizai kimelea. Linalotokea ni kwamba katika majira hayo watu hujifungia ndani, madirisha huzibwa, moto huwashwa chumbani, na watoto hulala wamebanana, hivyo vimelea hupata njia rahisi ya kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Kumfunika mtoto nguo nzito ni jambo jema, ila mzazi asidhani kuwa kwa kufanya hivyo amekwisha kumkinga.

2. Mambo yanayoongeza hatari

Vimelea vya kichomi vimo katika kila kijiji, na watoto wengi hukutana navyo bila kuugua. Tofauti iliyopo kati ya mtoto anayeugua sana na yule anayepata mafua tu hutokana na mambo yafuatayo.

(a) Umri na uzito wa kuzaliwa. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja, na hasa yule wa chini ya miezi miwili, huzidiwa upesi. Hali kadhalika mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito pungufu.

(b) Lishe. Mtoto asiyenyonyeshwa maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza hukosa kinga ambayo mama humpatia kupitia maziwa hayo. Mtoto mwenye utapiamlo naye hana nguvu ya kupambana na vimelea. Mwambao wetu una samaki, dagaa, nazi na kunde. Ni jambo la kusikitisha mtoto wa mvuvi kulishwa uji mtupu ilhali samaki wote wamepelekwa mnadani.

(c) Kukosa chanjo. Tanzania ilianza kutoa chanjo dhidi ya Hib mwaka 2009, ikiwa ndani ya chanjo ya pamoja inayokinga magonjwa matano. Chanjo ya nimokokasi iliingizwa katika ratiba ya Taifa kati ya mwisho wa mwaka 2012 na mwanzo wa 2013. Zote mbili huanza mtoto anapofikisha wiki sita, na chanjo ya surua hufuata akiwa na umri wa miezi tisa na kurudiwa katika mwezi wa kumi na nane. Surua na kifaduro huacha mapafu yakiwa dhaifu, na mara nyingi kichomi ndicho humaliza kazi iliyoanzwa na magonjwa hayo. Kwa hiyo mzazi aliyekosa tarehe ya kliniki kwa sababu ya safari au bahari kuchafuka asione haya kurudi.

(d) Moshi. Katika nyumba nyingi za mwambao chakula hupikwa kwa kuni, makaa, makumbi na vifuu vya nazi. Akina mama wanaokaanga au kubanika samaki kwa ajili ya biashara hukaa mbele ya moto kwa saa nyingi, mara nyingi mtoto akiwa mgongoni. Moshi huu, pamoja na ule wa sigara, hudhoofisha njia za hewa za mtoto. Uchunguzi wa vifo vya watoto uliofanywa Wilaya ya Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1992 ulionyesha kuwa mtoto aliyelala katika chumba cha kupikia alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko yule aliyelala mbali na moto. Hata hivyo jiko bora peke yake halitoshi: utafiti wa nchini Malawi uliochapishwa mwaka 2017 haukuona kupungua kwa kichomi katika kaya zilizopewa majiko ya moshi mdogo. Jiko liende pamoja na chanjo, lishe na hewa safi chumbani, na mtoto asilale wala kukaa palipo na moshi.

(e) Msongamano na magonjwa mengine. Watoto wengi wakilala chumba kimoja, mmoja akikohoa wote wamo hatarini. Aidha, mtoto aliyeambukizwa virusi vya UKIMWI hupata kichomi kikali zaidi na mara kwa mara. Kwa sababu hiyo mama mjamzito anahimizwa kupima, na mtoto aliyezaliwa na mama mwenye maambukizi afuatiliwe kliniki bila kukosa.

3. Si kila homa ni malaria

Katika mkoa wetu malaria imeenea, na mzazi akigusa paji la uso la mtoto na kuhisi joto, neno la kwanza linalomjia ni malaria. Kichomi nacho huleta homa, na mtoto anaweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa wakati mmoja. Dawa ya malaria haiponyi kichomi. Mzazi anayenunua dawa dukani na kungoja siku tatu aone matokeo yake, anaweza kuwa amezipoteza siku ambazo mtoto alihitaji dawa nyingine kabisa. Kipimo cha damu kitaonyesha malaria. Kichomi hutambuliwa kwa kutazama kifua na kuhesabu pumzi.

4. Namna ya kuhesabu pumzi

Mtoto anayekohoa au kupumua kwa shida atulizwe, asiwe analia wala kunyonya. Afunuliwe nguo kifuani, kisha mtu ahesabu kwa kutumia saa au simu ni mara ngapi kifua kinapanda katika dakika moja kamili. Pumzi huhesabiwa kuwa za haraka zifikapo:

- 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili;
- 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka mmoja;
- 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miaka mitano.

Mtoto mwenye pumzi za haraka apelekwe zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mtoto ambaye sehemu ya chini ya kifua chake inabonyea ndani kila avutapo pumzi, asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, au aliyelegea na kuwa vigumu kumwamsha, apelekwe mara moja, iwe usiku au mchana. Kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili, pumzi za haraka peke yake ni dalili ya hatari, na homa au mwili kuwa wa baridi ni vivyo hivyo.

Hesabu hii ndogo imeokoa maisha karibu nasi. Huko Bagamoyo, katika miaka ya 1980, wahudumu wa afya wa vijiji walipita nyumba kwa nyumba wakiwafundisha akina mama dalili za kichomi na kutoa dawa kwa waliougua. Katika muda wa miaka miwili vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kutoka takribani 40 hadi 29 kwa kila watoto 1,000.

5. Bahari haingoji

Mkazi wa kisiwani ana jambo la ziada la kuzingatia. Mtoto aliyezidiwa huhitaji oksijeni na sindano, ambazo huenda zikapatikana tu katika Hospitali ya Kinyonga iliyopo Kilwa Kivinje, au katika Hospitali ya Sokoine mjini Lindi. Kati ya kitanda cha mtoto na hospitali kuna maji kupwa na kujaa, kuna kutafuta chombo, nahodha na mafuta, na wakati wa kusi kuna mawimbi. Hata bara njia hukatika: mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake viliharibu barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga. Kwa sababu hiyo, mtu wa kisiwani aondoke aonapo pumzi za haraka, asingoje kifua kubonyea. Dalili iliyoonekana alasiri isiachwe hadi asubuhi.

6. Mambo ya kuepukwa

Kukata kimeo hakutibu kikohozi. Huleta damu nyingi na maambukizi, na huchelewesha tiba. Mtoto asinyweshwe mafuta ya taa, kwani yakiingia mapafuni yenyewe huleta kichomi. Dawa zilizobaki za mgonjwa mwingine zisitumike. Mtoto aliyeandikiwa amoksilini amalize dozi yote hata akipata nafuu mapema, na arudishwe kituoni baada ya siku mbili iwapo hakuna nafuu, au mara moja iwapo hali inazidi kuwa mbaya.

7. Wajibu wa kila mmoja

Watendaji wa vijiji na wenyeviti wa vitongoji wanaombwa kuhakikisha kuwa kila kijiji cha kisiwani kinajua ni chombo gani kitabeba mgonjwa usiku, na nani atakiongoza. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafuatilie kadi za kliniki za watoto waliokosa chanjo. Walimu wafundishe wanafunzi kuhesabu pumzi, kwa kuwa mara nyingi kaka na dada ndio wanaobaki na mdogo wao nyumbani. Akina baba nao wanakumbushwa kuwa mama asilazimike kungoja mumewe arudi kutoka dago ndipo apate ruhusa au nauli ya kumpeleka mtoto hospitali. Ruhusa hiyo itolewe, na fedha hiyo iwekwe, kabla ya chombo kutweka tanga.