SANAMU YA ASKARI KATIKA MJI WA DAR ES SALAAM

Mtu akienda Dar es Salaam, akaifuata Barabara ya Samora mpaka katikati ya mji, ataona mahali ambapo njia hukutana na magari huzunguka. Katikati ya mzunguko huo pana kitako cha mawe, na juu yake amesimama askari wa shaba. Ameshika bunduki kwa mikono miwili, na singe yake imeelekea upande wa bandari. Watu wengi hupita hapo kila siku wala hawamtazami. Wengine humfanya alama tu, wakiambiana, "Tukutane penye Askari." Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kuitazama sanamu kama hii, maana kutazama kuna njia yake, kama vile kusoma kulivyo na njia yake.

Kwanza yatupasa kujua sanamu hii ni ukumbusho wa nini. Mwaka 1914 ilianza Vita Kuu ya Kwanza. Ugomvi ulikuwa wa mataifa ya Ulaya, lakini vita vilifika hata Afrika ya Mashariki, kwa sababu wakati ule Wajerumani walitawala Tanganyika, na Waingereza walitawala Kenya na Uganda. Basi Waafrika wakapigana pande zote mbili, na mara nyingine watu wa kabila moja walikabiliana kwa bunduki. Vita vilikwisha mwaka 1918. Baadaye Waingereza wakaweka sanamu za ukumbusho katika miji mitatu, yaani Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ile ya Dar es Salaam ilifunuliwa mwaka 1927. Fundi aliyeifanya ni Mwingereza, jina lake James Alexander Stevenson. Kabla ya kuletwa huku ilionyeshwa kwanza London, na watu waliisifu.

Huenda mwanafunzi akauliza, "Shaba ni ngumu, mtu awezaje kuichonga hata iwe na vidole na mikunjo ya nguo?" Jibu ni kwamba shaba ya sanamu haichongwi kama mti, bali humiminwa. Madini yenyewe si shaba nyekundu peke yake. Ni shaba iliyochanganywa na bati kidogo, na mchanganyiko huo ni mgumu kuliko shaba tupu, tena hutiririka vizuri ukiyeyushwa.

Ziko njia mbalimbali za kumimina, na moja iliyo ya kale sana ni njia ya nta. Fundi hufanya mfano wa mtu kwa udongo wa mfinyanzi, akiutegemeza kwa vyuma ndani usianguke. Kutoka katika mfano huo hupata umbo jingine la nta, jembamba, lenye udongo ndani yake. Kisha huifunika nta yote kwa udongo mwingine unaostahimili moto, akiacha matundu madogo. Hapo huupasha moto. Nta huyeyuka na kutoka, na mahali pake pabaki wazi. Hiyo ndiyo kalibu. Shaba iliyoyeyushwa humiminwa ndani na kujaza mahali pote palipokuwa na nta. Ikipoa, kalibu huvunjwa, na fundi huisawazisha kazi yake kwa tupa na patasi. Sanamu kubwa humiminwa vipande vipande, kisha vipande huunganishwa. Kwa sababu hiyo sanamu nyingi za namna hii zina uwazi ndani, kama mtungi.

Tusidhani ya kuwa kazi hii ni ya Ulaya tu. Mafundi wa Ife na Benin, katika nchi ya Nigeria, waliijua njia ya nta karne nyingi zilizopita, na vichwa walivyovifanya hustaajabiwa na mafundi wa ulimwengu wote mpaka leo.

Sasa turudi kwa askari wetu. Tukitazama sanamu, swali la kwanza ni hili: Mtu huyu anafanya nini? Askari huyu hakusimama wima kama askari wa gwaride. Yu tayari, bunduki imetangulia, kana kwamba amesikia kitu mbele yake. Fundi aliweza kumweka hivyo kwa sababu ya madini aliyoyatumia. Kama angalikuwa wa jiwe, bunduki ile nyembamba ingalikatika kwa uzito wake yenyewe. Ndiyo maana sanamu nyingi za mawe huweka mikono karibu na mwili, lakini shaba humruhusu fundi kunyosha mkono, upanga au bunduki mbali.

Swali la pili ni hili: Nani amewekwa juu, na nani chini? Kwa swali hili inafaa tujue habari ya sanamu nyingine. Kabla ya Vita Kuu, Wajerumani waliweka katika mji huu huu wa Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann. Huyu ndiye aliyewashinda watu wa pwani waliopigana na Wajerumani chini ya Bushiri, naye Bushiri alinyongwa Pangani mwaka 1889. Katika sanamu ile Wissmann alisimama juu, na chini yake alikuwapo askari Mwafrika aliyemwinulia macho bwana wake. Mwaka 1916 Waingereza waliuteka mji, na sanamu ile ikaondolewa. Ilipelekwa Uingereza, kisha ikarudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa penye chuo kikuu cha Hamburg. Haikudumu hapo, maana mwaka 1968 wanafunzi wa chuo hicho waliiangusha. Walisema kwamba haifai kumheshimu mtu kwa kazi ya namna ile.

Basi linganisha sanamu hizo mbili. Katika ile ya kwanza askari Mwafrika yuko chini, na kazi yake ni kumtazama mwingine. Katika hii ya pili yuko juu peke yake, wala hamwangalii bwana yeyote. Hilo ni badiliko kubwa. Walakini tusisahau kwamba hii nayo iliwekwa na watawala, kwa kuwasifu watu walioutumikia utawala wao. Sanamu haijisimamishi yenyewe. Daima yuko aliyelipa fedha, aliyechagua mahali, na aliyeamua nini kisemwe.

Swali la tatu ni gumu kuliko yote: Nani hayupo? Katika kitako cha mawe yameandikwa maneno ya Kiingereza na ya Kiswahili, na herufi za Kiarabu pia zimo. Aliyeyatunga ni mwandishi Rudyard Kipling. Maneno hayo yanawakumbuka askari na wapagazi, tena yanaahidi kwamba mtu aliyekufa vitani jina lake litakumbukwa na wanawe. Lakini ukikizunguka kitako chote, hutaona hata jina moja la askari wala la mpagazi.

Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari. Mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe, kwa hiyo chakula, risasi na mahema vilichukuliwa vichwani mwa watu. Maelfu na maelfu ya wapagazi walikufa, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa maradhi, njaa na uchovu. Katika ukumbusho wa Nairobi mna sanamu tatu, na mmoja wa hao watatu ni mpagazi. Katika Dar es Salaam amesimama askari tu. Hata hivyo mpagazi ana ukumbusho mwingine hapo mjini, ingawa wengi hawaujui. Mtaa wa Kariakoo, wenye soko kubwa, ulipata jina lake kutokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, ambao waliwekwa mahali pale wakati wa vita.

Mwaka mmoja niliwachukua wanafunzi wangu kuitazama sanamu hii. Tulisimama ng'ambo ya barabara, nikawaeleza habari za shaba na za vita. Kisha mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, huyu aitwa nani?" Nikamjibu ya kwamba hana jina, maana amewekwa kwa ajili ya wote. Mtoto akanyamaza kidogo, akasema, "Basi wanawe watamkumbukaje?" Sikuwa na jibu la upesi.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani nilikumbuka jambo la ukoo wetu. Babu mmoja wa babu zangu alichukuliwa upagazi katika vita vile, naye hakurudi, wala hatujui alikozikwa. Lakini katika kila kizazi mtoto mmoja wa kiume hupewa jina lake, na mtoto huyo huambiwa habari zake. Siku ya pili niliwaeleza wanafunzi jambo hilo, nikawaagiza kila mmoja awaulize wazee wa kwao. Wanane kati yao walirudi na majina. Tuliyaandika katika daftari, nalo limo kabatini shuleni hata sasa.

Kwa hiyo, mwanafunzi, ukipita penye sanamu yoyote, simama kidogo. Izunguke, maana fundi hakuifanya itazamwe upande mmoja tu. Tazama mikono, miguu na uso. Soma maandishi. Ustadi wa fundi uustaajabie kwa haki, maana ni kazi kubwa kuyafanya madini yafanane na mtu aliye hai. Kisha uyaulize yale maswali matatu. Na kama jina halikuandikwa, nenda ukalitafute kwa wazee kabla hawajaondoka.

MASWALI
1. Kwa nini shaba huchanganywa na bati?
2. Eleza kwa maneno yako jinsi kalibu ya nta inavyofanywa.
3. Taja tofauti kati ya askari wa sanamu ya Wissmann na askari wa mwaka 1927.
4. Waulize wazee wa kwenu: Je, yuko mtu wa ukoo wenu aliyekwenda vitani au upagazini? Andika jina lake na habari zake.