Nani Atakuwa Yuda? Juu ya Usaili wa Waigizaji katika Sharika za Ufipa

Majuma machache kabla ya Pasaka, katika sharika nyingi za nchi yetu, hutangazwa mwishoni mwa ibada kwamba wote wanaotaka kushiriki igizo la Mateso wabaki kanisani. Wanaobaki huketishwa kwenye mabenchi ya mbele, na kwa muda usiozidi robo saa nafasi zote huwa zimegawanywa. Mwenye sauti nzuri anakuwa Yesu, mrefu kuliko wenzake anakuwa Pilato, wasichana wawili wa kwaya wanashindania nafasi ya Mariamu, na mwisho inabaki nafasi moja ambayo hakuna anayeinua mkono kuiomba. Hapo mara nyingi hupewa yule asiyeweza kukataa: kijana mgeni, yatima anayelelewa kwa shangazi, au yule aliyewahi kusemwa kijijini kwa jambo fulani. Watu wanacheka, orodha inaandikwa, na sala ya kufunga inasemwa.

Makala hii inakusudia kueleza ni kitu gani hasa kinachofanyika katika robo saa hiyo, na kwa nini mchungaji anayetumwa Sumbawanga au katika vijiji vya uwanda wa juu wa Ufipa hana budi kuifikiria kuliko anavyofikiria mapazia na taji la miiba. Kwa neno "usaili" tunamaanisha hapa lile tendo la kuwajaribu na kuwateua watu watakaobeba wahusika katika mchezo.

Usaili wa namna tunayoijua, yaani mtu kupewa karatasi, kuisoma mbele ya wachache na kuhukumiwa, haukuzaliwa kwetu. Uliletwa na shule za kikoloni na vilabu vya wazungu kama Dar es Salaam Players iliyoanzishwa mwaka 1947, na Little Theatre ya Arusha ya mwaka 1953, ambako mtumishi wa serikali au mke wake alijipatia burudani ya jioni kwa kucheza michezo ya kwao Uingereza. Katika ngoma na masimulizi yetu hapakuwa na jopo la kuteua. Msimulizi alijulikana kwa kusimulia, na aliyekosea alisahihishwa papo hapo na wasikilizaji, ambao nao walikuwa sehemu ya mchezo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama na Amandina Lihamba, walipokwenda Malya katika mkoa wa Mwanza mwaka 1982 kufanya kile kinachoitwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo, hawakwenda na maandishi tayari. Walianza kwa kuuliza wanakijiji ni jambo gani linalowasumbua, likatajwa suala la vijana na mimba za wasichana, na mchezo ukajengwa kutokana na mazungumzo hayo kwa ngoma na igizo walizokuwa nazo wenyewe. Baada ya kuonyesha, watazamaji walijadili. Njia hiyo ndiyo iliyozaa baadaye mpango wa TUSEME wa mwaka 1996, ambao uliwapa wasichana wa shule za sekondari nafasi ya kuyasema mbele ya walimu yale wasiyoweza kuyasema darasani. Hapo swali halikuwa nani anaweza kusoma vizuri. Lilikuwa nani ana jambo la kusema.

Sasa tuje Ufipa. Wafipa si watu wa kufundishwa sanaa ya maneno. Roy Willis, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyekaa kwao miaka ya 1960, alipokusanya hadithi zao aliona ziko nyingi na nzuri kiasi cha kutoa kitabu kizima mwaka 1978. Hata asili ya ufalme wao inasimuliwa kama mchezo ulio tayari kwa jukwaa. Huko Milansi, wasema wazee, alikuwapo mkuu wa nchi. Siku moja, naye akiwa hayupo nyumbani, walifika wanawake watatu wageni, Watwachi, waliotoka mbali. Mke wa mkuu alikuwa ameonywa asikitoe kiti cha mumewe. Akakitoa. Wageni wakakikalia, na tangu hapo ufalme ukawa wao, ambao baadaye uligawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile. Naye mkuu wa Milansi akabakiwa na eneo dogo na heshima ya kiibada. Msomaji ataona kwamba kisa chote kinategemea kiti kimoja na dakika moja ya uamuzi wa mwanamke. Ni mwandishi gani wa tamthilia asiyetamani kupewa kisa kama hicho? Na nani ateuliwe kuwa mke yule? Akiigizwa kama mjinga, usharika utacheka na kwenda nyumbani. Akiigizwa na mama mzee anayejua maana ya kumpokea mgeni kwa adabu, watu wataanza kuulizana kama kumkaribisha mgeni ni kosa.

Lakini uko upande mwingine wa jambo hili, nao ni mzito. Wenyeji wengi hueleza jina la mji wa Sumbawanga kuwa ni agizo la kutupa uchawi. Zaidi ya hayo, uwanda huu umewahi kuona mchezo wa kuteua watu ambao haukuwa mchezo. Katika miaka ya 1963 na 1964 lilipita Ufipa kundi lililoitwa Kamcape, ambalo Willis alilieleza katika makala yake ya mwaka 1968. Vijana wenye dawa walifika kijijini, watu wote wakapangwa mstari, wakatazamwa mmoja mmoja kwa kioo, na yule aliyedaiwa kuwa mchawi akatengwa mbele ya macho ya jirani zake ili atoe pembe na dawa zake. Kulikuwa na uwanja, watazamaji, vifaa, na wahusika walioteuliwa bila kuombwa. Walioteuliwa mara nyingi walikuwa wazee.

Ndiyo sababu twasema kwamba katika mahali penye kumbukumbu kama hiyo, kumpa mtu nafasi ya mchawi, ya pepo au ya Yuda mbele ya kijiji kizima si jambo la kuchekesha tu. Jukwaa huacha alama. Aliyeigiza ulevi huitwa jina la mlevi yule hadi Krismasi inayofuata, na hilo hakuna anayelijali. Lakini bibi mjane aliyepewa fimbo na kaniki ili aigize mganga wa uongo anaweza kurudi nyumbani na jambo ambalo hakwenda nalo. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi hadharani. Mchungaji hapaswi kuwa mtu anayelikaribia kosa hilo kwa njia ya burudani. Mauaji ya wazee kwa tuhuma za uchawi yametokea katika mikoa kadhaa ya Tanzania, na kila mara hutanguliwa na minong'ono. Kwa maoni ya mwandishi, nafasi ya mchawi asipewe mtu yeyote kabisa. Ikiwa mchezo unahitaji woga wa uchawi uonekane, waonyeshwe wale wanaonong'ona.

Hapa Luther anatusaidia kuliko inavyodhaniwa. Hakuwa adui wa maigizo. Katika dibaji zake za Tobiti na Yudithi zilizomo katika Biblia ya mwaka 1534 alidokeza kwamba huenda Wayahudi wa kale walikuwa wakiviigiza visa hivyo, na akavisifu kama mchezo mzuri wa huzuni na wa furaha. Hata kabla ya hapo, mwaka 1527, Burkard Waldis alikuwa ameonyesha huko Riga igizo la Mwana Mpotevu ili kufundisha kuhesabiwa haki kwa imani, na mwaka 1535 Paul Rebhun alionyesha igizo lake juu ya Susana. Lakini Luther aliogopa jambo moja. Katika mahubiri yake ya mwaka 1519 juu ya kuyatafakari Mateso ya Kristo aliwakemea wale ambao, wakiyawaza mateso, humkasirikia Yuda na kuwalaani Wayahudi, kisha wakaridhika. Kwake yeye, anayeyatafakari mateso kwa haki hufikia mahali pa kujiona mwenyewe kuwa ndiye aliyepigilia misumari.

Tukiyashika hayo, swali la nani awe Yuda linabadilika kutoka swali la mpangilio kuwa swali la mafundisho. Usharika unaompa mnyonge nafasi ya Yuda unahubiri, bila neno lolote, kwamba dhambi ni ya mtu yule pale. Unafanya kile kile alichokikataza Luther, tena unakifanya Ijumaa Kuu. Kinyume chake, ikiwa mzee wa usharika aliye mtunza hazina, mtu anayeheshimiwa na ambaye kwa kweli hushika mfuko, atasimama na kuvipokea vipande thelathini, watazamaji hawatapata wa kumcheka. Na ikiwa mchungaji mwenyewe ataichukua nafasi hiyo, itakuwa vema zaidi, maana tayari amekwisha kuwaongoza katika ungamo la dhambi kila Jumapili.

Wako Wakristo waliolifikiria jambo hili kwa karne nyingi. Kijiji cha Oberammergau huko Ujerumani kiliweka nadhiri mwaka 1633 wakati wa tauni, na tangu mwaka 1634 kimekuwa kikiigiza Mateso, kwa kawaida kila baada ya miaka 10. Haki ya kucheza ni ya wazaliwa au wale waliokaa hapo miaka 20, na kila nafasi kuu hupewa watu wawili wanaopokezana. Hata hivyo uteuzi wao haukuwa wa haki siku zote. Wanawake walioolewa au waliopita miaka 35 walizuiwa mpaka mahakama ilipoingilia mwaka 1990, na kwa muda mrefu igizo hilo lilichochea chuki dhidi ya Wayahudi, ndipo maandishi yakarekebishwa. Katika maonyesho ya mwaka 2022 nafasi ya Yuda ilishikwa na Mwislamu wa kijijini hapo, jambo ambalo wengine walilisifu kuwa ukaribisho, na wengine tuna haki ya kuuliza kwa nini ukaribisho ulianzia kwa msaliti. Ila lile wazo la watu wawili kwa nafasi moja lafaa kuigwa. Yuda wa Alhamisi akiwa Petro wa Ijumaa, hakuna atakayebaki na jina.

Kuhusu namna ya kufanya usaili wenyewe, karatasi iwekwe kando. Mama wa miaka 60 asiyesoma, au anayesema Kifipa kwa uhodari na Kiswahili kwa kusitasita, atashindwa mbele ya karatasi na kijana wa kidato cha pili ambaye hana lolote tumboni. Kisa kisomwe kwa sauti mara mbili, kisha kila mtu akisimulie upya kwa maneno yake na kwa lugha anayoipenda. Ndipo utaona ni nani anayenyamaza afikapo pale Petro anapolia. Samweli alipopitishiwa wana saba wa Yese (1 Samweli 16) alikuwa tayari kumchukua wa kwanza kwa kimo chake, na aliyetakiwa hakuwamo hata chumbani, alikuwa machungani. Kwa hiyo mchungaji aulize daima ni nani ambaye hakubaki baada ya ibada na kwa nini. Wanaopenda maandishi yenye mizani wanaweza kutumia tenzi za Injili za Mwalimu Nyerere zilizotolewa mwaka 1996, maana beti hukaririwa kwa urahisi hata na asiyesoma. Na baada ya onyesho, kabla watu hawajatawanyika, kila mwigizaji asimame, avue vazi lake, ataje jina lake la ubatizo, na usharika umwitikie kwa jina hilo.

Tuseme pia juu ya igizo la Susana, ambalo sharika zetu hazilijui kwa kuwa kisa chake hakimo katika Biblia tunayoitumia, ingawa jirani zetu Wakatoliki, ambao ni wengi sana Ufipa tangu siku za Mapadre Weupe, wanacho katika sura ya 13 ya Danieli. Mwanamke anashtakiwa na wazee wawili wenye heshima. Kusanyiko lote linaamini. Anapelekwa kuuawa, ndipo kijana mmoja anawatenganisha mashahidi na kuwauliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani. Kwa nchi yenye kumbukumbu ya kioo cha Kamcape sidhani liko igizo linalofaa zaidi, tena linaweza kuchezwa pamoja na jumuiya za Kikatoliki. Hapo wagumu kuwapata watakuwa wale wazee wawili. Washauriane katika baraza la wazee, wala nafasi hizo zisitangazwe kanisani.

Limebaki suala la majira. Krismasi huangukia wakati wa kupanda na Pasaka huangukia mwishoni mwa mvua, shambani bado kuna kazi na njia za kwenda vijijini zina utelezi. Anayetaka mazoezi ya kweli atalipeleka igizo kubwa baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, wakati ghala zimejaa na watu wana nafasi ya kukaa. Lakini usiku wa miezi hiyo ni baridi kali katika uwanda huu, hivyo mazoezi yaanze saa 9 alasiri, na onyesho limalizike jua lingali juu, ili yabaki majadiliano kabla wazee hawajaomba ruhusa ya kurudi motoni.