Ganzi ya Vidole kwa Wanaotumia Kompyuta Ndani ya Gari

Leo nazungumza na wewe ambaye gari ndilo ofisi yako: unayepeleka bidhaa madukani, na hata sisi wauguzi wa kliniki za mashinani tunaojaza hesabu ya chanjo tukiwa kiti cha mbele.

Kuna wakati nilikuwa nikiamka usiku wa manane, kidole gumba na viwili vinavyokifuata vimekufa ganzi. Naukung'uta mkono, ganzi inapungua, nalala. Nilidhani ni baridi. Kumbe ni kibodi.

Kibodi ya kawaida ina upana wa sentimita 45 hivi, kwa sababu ya vile vitufe vya nambari upande wa kulia. Mezani si neno. Ndani ya gari unaiweka mapajani, mlango unakubana, kiwiko kinapanda na kifundo cha mkono kinapinda. Ndani ya kifundo hicho kuna njia nyembamba inayopitisha neva pamoja na kano za vidole. Mkono ukikaa umepinda kwa muda mrefu, neva hubanwa.

Siku hizi natumia kibodi fupi isiyo na sehemu ya nambari. Vitufe vya nambari huuzwa peke yake, vikiwa na waya wake. Iweke kibodi mbele ya kitovu, juu ya ubao, viwiko vikiwa karibu na mbavu. Magari yetu yana usukani kulia, kwa hivyo ukiwa kiti cha abiria, weka vitufe vya nambari kulia kwako, kati ya viti. Kiti cha dereva kina mlango upande huo. Hapo jaribu mkono wa kushoto. Siku za kwanza utakosea sana, mimi nilikosea. Kila nusu saa, shuka unyooshe mgongo.

Haya yote ni gari likiwa limeegeshwa. Wengine hufunga kibodi kwenye usukani na kuiacha hapo wakiendesha. Magari mengi yana mfuko wa hewa ndani ya usukani. Ajali ikitokea hufumuka ghafla, na kibodi itakuja usoni mwako.

Ganzi ikiendelea, au ukianza kuangusha vikombe, fika kliniki mapema. Ukiwa mjamzito au una kisukari, mwambie mhudumu, maana hali hizo pia huleta ganzi hiyo hata kwa mtu asiyegusa kompyuta.