Goma: Safari ya kwanza ya mtoto mchanga, kutoka hospitalini hadi nyumbani

GOMA – Asubuhi ambapo mama aliyejifungua anaruhusiwa kurudi nyumbani, mambo hufanana karibu katika hospitali zote za mji wa Goma. Mama anatoka polepole, mkono mmoja ukishika tumbo. Nyuma yake nyanya wa mtoto amebeba beseni, termosi na mfuko wa nguo. Mtoto, mwenye siku mbili au tatu, amefungwa ndani ya mablanketi mawili na kitenge mpaka uso hauonekani. Nje ya lango mamotari wanagombania abiria. Bei inapatana, mama anapanda, nyanya anapanda nyuma yake, na neno la mwisho kabla ya pikipiki kuondoka ni lile lile: “Papa, polepole, tuko na mtoto.”

Mara nyingi ombi hilo ndilo ulinzi pekee ambao mtoto anao katika safari yake ya kwanza. Kwa muda wa miezi tisa familia imetayarisha nguo, sabuni, unga wa uji na pesa za hospitali. Njia ya kurudi nyumbani, hakuna aliyeitayarisha.

Kwa familia zenye gari, au zinazoweza kukodi taksi, hali inaonekana kuwa bora. Lakini hata huko mtoto husafiri mikononi mwa mama, mara nyingi kwenye kiti cha mbele, kwa sababu ndicho kiti cha heshima. Kiti cha mtoto cha garini kinaonekana kwa nadra, na penye nacho, wengi hawajaonyeshwa namna ya kumfunga mtoto ndani yake.

Mikono si mkanda

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka, na 92% ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo hilo linasema kiti cha mtoto kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga ndani ya gari kwa 71%.

Sababu ni rahisi kuielewa. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa likigonga, linasimama ghafla, lakini kila kilichomo ndani kinaendelea na mwendo ule ule. Kwa mtoto ambaye hajafungwa, pigo hilo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani kutoka ghorofa ya tatu. Ili kumzuia mtoto wa kilo 3 ndani ya nafasi ya nusu mita, mama angehitaji nguvu ya kubeba kilo 60 hivi. Huo ni uzito unaopita mfuko wa simenti, tena unamjia kwa muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hakuna mama, hata awe na upendo na nguvu namna gani, anayeweza kuushika.

Mtoto mchanga ana udhaifu mwingine. Kichwa chake ni karibu robo ya urefu wa mwili wake, na shingo bado haina nguvu ya kukibeba. Ndiyo maana kiti chake hutazama nyuma ya gari. Gari likisimama kwa ghafla, mgongo wa kiti hupokea kichwa, shingo na mgongo wake kwa pamoja, badala ya kichwa kurushwa mbele peke yake.

Barabara nzuri ndiyo ya kuogopwa

Wakaaji wengi wa Goma wanaogopa zaidi njia za mawe ya volkano, zile za mitaani ambako pikipiki inarukaruka na mama mwenye mshono anaumia. Maumivu hayo ni ya kweli. Lakini kwenye mawe gari na pikipiki hulazimika kwenda taratibu. Kwenye lami, kama boulevard Kanyamuhanga au barabara ya kwenda Sake, kasi hupanda.

Kasi ndiyo inayoamua uzito wa ajali. Dereva akipunguza mwendo kwa nusu, nguvu ya pigo inashuka hadi robo. Kwa kilometa 30 kwa saa, pigo linafanana na kuanguka kutoka mita 3.5, kimo cha paa la nyumba ya mbao. Bado ni hatari kubwa, lakini si sawa na ghorofa ya tatu. Kwa hiyo lile neno “polepole” lina maana, na halilipishwi.

Namna ya kumfunga mtoto kwenye kiti chake

Kiti huwekwa nyuma ya gari, kikitazama nyuma. Kamwe kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, ule unaofumka gari linapogonga. Ukifumka unaipiga sehemu ya nyuma ya kiti hicho kwa nguvu inayoweza kumuua mtoto.

Mkanda wa gari upitishwe mahali palipoonyeshwa kwenye kiti, kisha uvutwe mpaka ukaze. Shika kiti pale mkanda unapopita, ukitikise. Kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, hakijafungwa vizuri. Kilale kiasi cha kuzuia kichwa cha mtoto kisianguke mbele, kwa sababu kidevu kikigusa kifua, njia ya hewa inaweza kuziba.

Kisha mlaze mtoto, mgongo na makalio vikiegemea kiti bila nafasi nyuma yake. Mikanda ya mabega ianzie usawa wa mabega yake au chini kidogo. Funga kifungo cha katikati ya miguu mpaka kilie, halafu kaza. Jaribu kuubana mkanda kwa vidole viwili begani. Ukiweza kukunja sehemu yake, bado umelegea. Viti vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani vina kibano cha kifuani pia, nacho hukaa usawa wa makwapa, si tumboni.

Kosa moja ni rahisi kulifanya hapa kwetu. Goma iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, asubuhi ni baridi, na wamama huwafunika watoto nguo juu ya nguo. Blanketi nene likiwa chini ya mkanda, mkanda unaonekana umekaza, kumbe umekaza blanketi. Ajali ikitokea, blanketi linabonyea na mtoto anachomoka. Mtoto afungwe akiwa na nguo nyepesi zinazomtosha, kisha blanketi liwekwe juu ya mikanda.

Kiti hiki si kitanda. Mtoto mchanga asikae humo zaidi ya saa mbili mfululizo, na mkifika nyumbani aondolewe hata kama amelala. Aliyezaliwa kabla ya wakati au chini ya kilo 2.5 anahitaji uangalifu zaidi. Kabla ya kuondoka, muulizeni muuguzi kama anaweza kukaa hivyo bila kupata shida ya kupumua.

Kiti cha mitumba

Familia nyingi zitakipata kiti cha mitumba, au kutoka kwa ndugu aliye ng'ambo. Angalia kwanza kama plastiki ina ufa, kama mikanda yote ipo na kama kifungo kinafunga. Tafuta karatasi iliyobandikwa yenye uzito unaoruhusiwa na tarehe. Viti vya Ulaya vina alama ya rangi ya machungwa yenye herufi E na namba R44 au R129. Kiti kilichokuwa ndani ya gari lililopata ajali kubwa kisitumike tena, hata kama kinaonekana kizima. Usipomjua aliyekitumia wala historia yake, ni afadhali kukiacha.

Kiti cha aina hii humfaa mtoto mmoja kwa muda wa mwaka mmoja hivi tu, halafu kinabaki tupu. Kwa hiyo wamama wa likirimba moja, wa kanisa moja au wa nyumba za jirani wanaweza kununua kimoja na kukizungusha, kila mama akikichukua wiki anayotazamia kujifungua.

Usipokuwa nacho

Ukweli usemwe: leo watoto wengi wa Goma watarudi nyumbani bila kiti hicho. Hapo hakuna njia salama kabisa, kuna zenye hatari ndogo zaidi.

Ya kwanza ni kukodi taksi nzima, bila abiria wengine, na kukaa nyuma. Mama ajifunge mkanda wake mwenyewe, huku mtoto akiwa kifuani katika kitenge, nje ya mkanda. Kumweka mtoto ndani ya mkanda wa mama ni kosa kubwa, kwa maana wakigonga, uzito wa mama wote unamponda mtoto. Mkubaliane na dereva juu ya mwendo kabla ya kulipa.

Pikipiki ibaki ya mwisho. Haina mahali pa kumfunga mtoto mchanga, na kofia ngumu, ile kaske, haitengenezwi kwa kichwa cha umri huo. Kama hakuna njia nyingine, motari abebe mama na mtoto tu, bila nyanya wala beseni, na mama avae kaske. Mtoto afungwe mbele, uso ukionekana, kidevu kikiwa mbali na kifua, pua bila kitambaa juu yake. Wengi humfunika uso kwa sababu ya vumbi, lakini ndani ya mablanketi mtoto anaweza kukosa hewa bila mama kusikia lolote kwa kelele za injini. Msipite kwenye lami yenye magari mengi kama kuna njia nyingine.

Ndugu zetu waliohamia Marekani walikuta jambo hili limeshaamuliwa: majimbo yote 50 yana sheria ya kumfunga mtoto kwenye kiti chake. Uingereza inadai kiti mpaka mtoto afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 135. Kwa kuwa huku uamuzi umebaki mikononi mwa familia, ni heri ufanywe mapema. Siku ile mnayohesabu nguo za mtoto, mhesabu pia pesa za taksi, mchague dereva mnayemjua, na muulize kwa majirani ni nani mwenye kiti. Halafu siku ya kuondoka, lile neno la nyanya lirudiwe kwa sauti, na dereva alitii.